Afande wa Mwaloni

Mjini Kampala, mtunzi wa maigizo akitaka watazamaji wajue kwamba anayeingia ni mtu mbaya, hana haja ya kumpa bunduki. Anampa Kiswahili. Mume na mke wanagombana kwa Kiluganda, katekista anawasuluhisha kwa Kiluganda, daktari anachanganya na Kiingereza, kisha mlango unasukumwa, mtu anasema "Wewe! Toka nje!", na ukumbi mzima unajua kwamba mambo yameharibika. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Mwanza, mwalimu wa Kiswahili, na mji huu ndio ninaoishi na kufanyia kazi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nafasi ya huyo anayesukuma mlango nilipewa mimi, nikakaa nayo muda mrefu, na imenibadilisha.

Waganda hawakuizua hofu hii. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na baada ya uhuru wa 1962 kikabaki hukohuko kambini. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, na mwaka 1973 akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Aliyesimamishwa kwenye kizuizi usiku aliulizwa kitambulisho kwa Kiswahili, na aliyeshindwa kujibu kwa Kiswahili alikuwa hatarini zaidi. Amin alikimbia Aprili 1979, lakini lugha ya amri haikukimbia naye. Misako ya miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote, ambapo watu walizolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori, hadi leo inaitwa panda gari. Hata Forest Whitaker, alipokuwa akijiandaa kumwigiza Amin katika filamu ya The Last King of Scotland, iliyompatia Oscar mwaka 2007, alijifunza Kiswahili. Kule Mwanza hakuna aliyenieleza haya. Kwetu Kiswahili ndicho mama alichonibembelezea, ndicho tulichonunulia dagaa, ndicho tulichozikia wafu wetu.

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa. Usafiri wa umma ulisimamishwa, na kafyu ikawekwa kuanzia saa moja jioni. Shule hazikurudi kufunguliwa zote hadi Januari 2022, na katika muda huo mrefu mwalimu mwenzangu wa fasihi aliniingiza katika kundi la WhatsApp linalocheza hadithi kwa kuandikiana. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: kila mtu anashika mhusika mmoja, anaandika anachosema na anachofanya mhusika wake, kisha mwingine anajibu. Hakuna mtunzi mmoja anayejua mwisho. Hakuna pointi wala mshindi. Hadithi inakwenda kwa kadiri watu wanavyojibizana, na ikikosa wa kuipinga inakufa.

Hadithi yetu ilikuwa kwenye mwalo wa kubuni kando ya Ziwa Victoria. Palikuwa na msichana aliyerithi mtumbwi wa baba yake, mchuuzi wa sangara, katekista, mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ada, na mama mzee anayeanika mukene, ambao sisi kwetu ni dagaa. Wahusika wazuri, wote wapole, wote wanasaidiana, na hakuna lililokuwa likitokea. Ndipo mmoja akaandika: "Mwalimu, wewe si unajua Kiswahili? Basi kuwa Afande." Kila mtu alielewa. Tangu 2017 jeshi liliwekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu, na askari mwaloni ni jambo ambalo watu wa huku hawahitaji kuelezwa.

Niliwapa walichoniomba. Afande alipiga mayowe, akapindua vikapu, akasema "Kaa chini!" na "Lete samaki!" Kwa siku chache watu walifurahi. Kisha nikaona jambo: kila Afande alipotokea, wahusika walikimbilia vichakani, na alipoondoka walirudi kuendelea na maongezi yao. Majibu yakawa ya mstari mmoja. Mtu anayepiga kelele tu hampi mwenzake la kufanya ila kunyamaza au kukimbia.

Aliyenifungua ni bibi mmoja ambaye wote tunamwita Jjajja, nesi mstaafu anayeishi upande wa Rubaga, na ndiye aliyekuwa akimcheza mama wa mukene. Alinipigia simu. Alizungumza Kiluganda polepole, kwa kuwa changu kilikuwa bado kinachechemea. Akasema askari wanaopiga kelele aliwazoea upesi ujanani mwake: unashusha macho, unavua saa unaitoa, unapita. Anayemkumbuka ni yule ambaye hakupaza sauti. Ilikuwa kwenye kizuizi cha barabara ya Masaka. Alimuuliza jina lake, kisha jina la mama yake, kisha anafanya kazi gani. Aliposikia ni nesi, akamuuliza mtoto mwenye homa apewe dawa kiasi gani. Jjajja akamweleza. Askari akashukuru kwa adabu, akamruhusu apite, na akambakiza mwanamume aliyekuwa ameketi kando yake kwenye gari. Hakumjua mwanamume yule, na hajui aliishia wapi. "Huyo ndiye uniletee," akaniambia. "Yule mwingine simwogopi tena."

Nililala nikiwaza neno hilo. Kesho yake niliomba kundi lisubiri, nikakaa chini kumtafuta Afande upya, na nikaanza na swali ambalo sasa ndilo ninaloanza nalo kila mara: huyu mtu anataka nini ambacho hata mimi ningekitaka?

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Sisi wa kando ya ziwa tunajua kwamba sangara aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akala furu wa kila aina hadi wengi wakatoweka, kisha yeye mwenyewe akaanza kupungua kwa sababu tunamvua akiwa mchanga. Sheria inakataza sangara wa chini ya inchi 20. Upande wa Uganda mitumbwi ya chini ya futi 28 ilipigwa marufuku na mingi ikachomwa. Upande wetu ilipita Operesheni Sangara ya 2018, na nyavu nyingi zikateketezwa. Nimezisikia hoja za pande zote mbili zikitolewa kwa machozi. Basi Afande wangu akawa mtoto wa mvuvi. Mwalo wa kwao ulikufa. Baba yake aliwalisha kwa kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hata vifaranga, na samaki walipokwisha nyumba ikavunjika. Alikuja mwaloni kwetu kuhakikisha hilo halirudii. Kuhusu samaki, alikuwa na haki.

Hapo ndipo hadithi ilipopata uzito. Dhalimu asiye na hoja unamchukia na kumsahau. Mwenye hoja anakulazimisha uitafute ya kwako. Mchuuzi wa sangara, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akifanya mzaha tu, siku moja alijibu kwa maandishi marefu: kama samaki wote ni mali ya vizazi vijavyo, vizazi vya leo vitafika huko kwa kula nini? Afande hakuwa na jibu zuri. Nami pia sikuwa nalo, na sikulitunga la uongo.

Kuna mambo ya ufundi niliyojifunza hapo, na nataka kuyasema waziwazi kwa sababu wengi wanaocheza hadithi hizi wanadhani adui mzuri ni adui mwenye nguvu. Nguvu ni rahisi. Unaandika tu kwamba unazo. Jambo la kwanza ni kutomwandikia mwenzako anachofanya. Naandika Afande akinyanyua fimbo, kisha naacha. Ikishuka au isiposhuka, mwenzangu anayo sauti katika hilo. Adui anayeandika "akampiga, akaanguka, akalia" amemnyang'anya mwingine mhusika wake, na huo ndio udhalimu wa kweli uliopo katika mchezo huu, kwa sababu unafanyiwa mtu, haufanyiwi mhusika. La pili ni kwamba kila nilipoandika nilijitahidi kumaliza kwa jambo linalohitaji kujibiwa: swali, au njia mbili ambazo zote zina gharama. Afande wa kwanza alikuwa akitoa amri, na amri haina jibu ila kutii. Wa pili aliuliza. "Wavu huu umeufuma wewe?" "Nikikuachia leo, kesho nimwambie nini jirani yako niliyemchomea?" Niliona majibu yakirefuka, na watu waliokuwa wakijificha nyuma ya wengine wakijitokeza.

Shaaban Robert alilijua hili tangu zamani. Katika Kusadikika, Waziri Majivuno ndiye anayemshitaki Karama. Sisi shuleni tulifundishwa kumchukia Majivuno, na anastahili. Lakini soma tena utaona kazi aliyoifanya. Bila shitaka lake hakuna baraza, na bila baraza Karama hapati nafasi ya kusimama mbele ya mfalme kueleza habari za wajumbe waliotumwa wakarudi kuadhibiwa. Majivuno anafungua mdomo ili Karama apate kusema. Nilikuwa nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka, na sikuwahi kukitazama kwa upande huo hadi nilipokuwa na adui wangu mwenyewe wa kumlea.

Tukafika kwenye mtumbwi. Ulikuwa na futi 27. Kila mtu alijua, kwa sababu msichana aliyeurithi alikuwa ameandika hivyo mwanzoni kabisa, kabla Afande hajakuwepo, kama maelezo tu ya urefu wa chombo cha baba yake. Afande akiwa mtu niliyemjenga, asingeweza kuuacha. Nilimwandikia mchezaji wake faraghani, nje ya hadithi. Ni mwanafunzi wa Makerere, mkimya sana. Nikamuuliza kama ananiruhusu kuuchoma, nikamwambia akikataa nitatafuta njia nyingine na sitamuuliza sababu. Akaomba alale kwanza. Asubuhi akajibu: choma, lakini usiniandikie machozi.

Usiku ule kundi zima lilikuwepo. Afande aliupima mtumbwi kwa kamba, akaupima tena, akaandika kwenye daftari lake. Akamwambia msichana kwamba kama ungekuwa wake angeuchoma vilevile. Akatoa kiberiti, akanyoosha mkono. "Utawasha wewe, au niwashe mimi?" Nikaishia hapo. Kwa muda mrefu hakuna aliyeandika. Kisha mwanafunzi yule mkimya akaleta maandishi ambayo sitayanakili, kwa kuwa ni yake, lakini msichana wake alikipokea kiberiti, akawaita watu wote wa mwaloni kwa majina wasogee waone, akalitaja jina la baba yake, akautaja mti uliochongwa mtumbwi, akamwambia Afande aandike na hayo kwenye daftari. Kisha akawasha mwenyewe. Afande aliandika. Hakuna maneno yangu yoyote ambayo yangeweza kumpa msichana yule ukubwa alioupata kwa kujibu swali moja. Nilitetemeka nikiwa na simu mkononi, na ndipo nilipojua kwa yakini kwamba kazi ya adui katika hadithi ya pamoja ni kuwahudumia wengine.

Baada ya onyesho zito tuna desturi ya kutoka nje ya hadithi na kuulizana hali. Jjajja ndiye aliyeidai, na ndiye aliyeweka mipaka: panda gari haichezwi, na Afande hapewi sura wala jina la mtu yeyote aliyepo. Wengine vijana waliona ni woga. Mimi nilikubaliana naye. Mji huu una kumbukumbu ya Byron Kawadwa, mkurugenzi wa National Theatre, ambaye igizo lake juu ya jogoo mwenye tamaa ya ufalme lilipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na mwaka huohuo watu wa Amin wakamchukua palepale kwenye jumba la maigizo na kumuua. Anayejua habari hiyo hamwambii mzee kwamba maigizo ni maigizo tu.

Januari 2021, siku ya kuamkia uchaguzi wa tarehe 14, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku tano. Facebook ilikuwa imeshafungwa kabla ya hapo, na haikufunguliwa pamoja na mitandao mingine. Hadithi ilikatika Afande akiwa amekalishwa mbele ya wazee wa mwalo, kwa sababu mwanafunzi wa hadithini alikuwa amegundua alichokificha chini ya kitanda: wavu wa kokoro wa marehemu baba yake, ule ule wa haramu, aliokuwa akizunguka nao kila kituo bila kuweza kuuchoma. Hilo nilikuwa nimelipanda mapema kwa makusudi, katika maandishi madogo ambayo mtu angeweza kuyaruka. Adui asiyeweza kuumizwa hafai. Lazima uache mahali pa kumpata, kisha usubiri mtu akuone, na akikuona usikwepe.

Mtandao uliporudi, wengi wetu tukipitia VPN, aliyeandika wa kwanza alikuwa Jjajja. Mama wa mukene alisogeza kigoda chake, akamtazama Afande, akamuuliza kwa sauti ya kawaida: "Mama yako anaitwa nani?" Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Wenzetu waliona ni mzee anayetaka kujua ukoo wa mtu. Mimi nilijua maswali yale yametoka wapi na yamesafiri miaka mingapi. Aliyaandika kwa Kiswahili. Nilimjibu kila moja kwa ukweli wa Afande, na nilipomaliza kujibu Afande hakuwa na mamlaka yoyote yaliyobaki pale mwaloni. Alishindwa kabisa. Niliandika kushindwa kwake bila kumpa maneno ya fahari ya kuondokea, kwa kuwa ushindi ule ulikuwa wa Jjajja na sikutaka kuugusa.

Niseme pia jambo ambalo watu huniuliza. Kumwelewa Afande hakukumtakasa. Mtumbwi ulioungua haukurudi, na mwanamume wa barabara ya Masaka hakurudi. Nilichopata ni kuweza kumtazama mtu mwenye nguvu juu yangu na kuuliza anataka nini, badala ya kuona magwanda peke yake. Nimelitumia hilo mbele ya wakubwa wa kazi, mbele ya makarani, na mara moja mbele ya askari wa kweli usiku wa kafyu, na kila mara limenipa pumzi ya kufikiri.

Darasani limenibadilisha zaidi. Julai 2022 serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wengi nyumbani Tanzania walishangilia. Mimi nilimfikiria Jjajja, na nikayatazama masomo yangu ya mwanzo. Simama. Kaa. Njoo. Toka nje. Nyamaza. Ndiyo maneno niliyokuwa nikimfundisha mtoto wa Kampala wiki ya kwanza, kwa sababu amri ni fupi na sarufi yake nyepesi, na bibi yake akimsikia jikoni akiyarudia anasikia kizuizi. Nimeyasogeza mbele. Siku hizi wanaanza kwa kuuliza: umeamkaje, mama hajambo, umekula, nikusaidie nini, bei gani, punguza kidogo. Amri tunazifikia wakati tayari wana maneno ya kuzijibu. Na tunapoigiza, nagawa Kiswahili kwa mhusika anayependwa na Kiluganda kwa anayeogopwa, kisha tunabadilishana, hadi darasa linaacha kutabiri ubaya kwa lugha. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake wa kidato cha pili amepewa nafasi ya mtu mbaya. Nilimwalika aje kutazama. Alikaa mpaka mwisho, akaomba nafasi hiyo hiyo apewe tena muhula ujao.

Kundi letu limeanza hadithi mpya, ya nyumba za kupanga Bwaise wakati wa mafuriko. Jjajja ameomba kuwa adui. Ni mwenye nyumba, anazungumza Kiluganda kitamu, anawasalimia wapangaji kwa kupiga magoti, na hajapaza sauti hata mara moja. Ni mkali kuliko Afande wangu alivyopata kuwa. Mimi safari hii ni mpangaji, mfua nguo kutoka Tanzania, na Jjajja amenipa notisi ya kuhama iliyoandikwa kwa heshima kiasi kwamba bado natafuta pa kuishika. Nimeomba siku moja zaidi kabla ya kujibu, na wenzangu wamekubali.